Shangazi ametoka kwenye grupu: saa ya simu na saa ya watu

Shangazi yetu alifariki mwezi wa nne. Tukamzika Tanga, tukamsomea, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwenye mihangaiko yake. Mwezi wa nane, Jumanne usiku, kwenye grupu la ukoo yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu yanayokaaga katikati ya skrini: Shangazi ametoka kwenye grupu.

Jamani usiku ule watu hatukulala. Binamu yangu aliyeko Muscat akauliza nani kashika simu ya marehemu. Mwingine akaja juu kwamba admini ndo kamtoa, na admini ni mjomba wetu, mtu mzima kabisa, ikabidi aape kwamba hajagusa kitu. Mwingine akasema ni ishara, anataka dua. Mdogo wangu akanipigia, akakaa kimya muda mrefu, afu akasema "yaani kaondoka tena". Na mimi nikakosa la kumjibu, maana kwa Kiswahili chetu mtu akifa tunasema ametutoka, sasa ukute na simu nayo inakuandikia ametoka, tena saa nne usiku, bila hodi.

Baada ya pale nikaanza kuulizia na nikagundua hii imezikuta familia nyingi mno, na kila familia ina maelezo yake, wengine wanasema laini imeibwa, wengine mambo ya kishirikina, wengine wameshagombana kabisa na hawasemeshani. Kwa hiyo nimekaa nikaona nilieleze hili jambo taratibu kadiri ninavyolielewa, kuanzia lile dogo la grupu mpaka lile kubwa lililo nyuma yake, ambalo ni hili: hivi vyombo tunavyoweka maisha yetu ndani vina saa yao, na hiyo saa haijawahi kuwa yetu.

Tuelewane maneno kwanza

Kuna vitu vitatu tunavichanganya kila siku: simu, laini na akaunti. Chukulia nyumba ya kupanga. Simu ni chumba chenyewe na vyombo vyako vilivyomo, kitanda, sufuria, albamu ya picha. Laini ni namba iliyoandikwa mlangoni, hiyo ni ya kampuni ya simu na wewe unaitumia tu. Akaunti ni jina lako kwenye daftari la mwenye nyumba, na daftari hilo halikai kwako, linakaa kwenye kompyuta kubwa za kampuni, mbali huko, ndo zinaitwa seva. Ukisikia mtu anasema picha zake ziko kwenye wingu anamaanisha ziko kwenye hizo seva, jengo la matofali na feni na bili ya umeme, hakuna kilicho angani.

Neno la pili la kuliweka sawa ni kumbukumbu. Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa hili neno. Kumbukumbu ni ile ya kichwani, kumbukumbu ni maandishi ya kikao, kumbukumbu ni siku tunayokusanyika kumsomea marehemu, na simu ikijaa tunasema memori imejaa, ni neno lilelile kwa Kiingereza. Ila ndani yake kuna mambo mawili tofauti, kuhifadhi na kukumbuka. Kuhifadhi ni gunia la mahindi ghalani, lipo, hata kama hakuna mtu analifikiria. Kukumbuka ni tendo, linataka mtu, linataka sababu, na linataka wakati wake. Simu inajua kuhifadhi. Kukumbuka haijui, ingawa siku hizi inajifanya inajua, na matatizo mengi nitakayoyataja humu yanatokea hapo hapo.

Kilichotokea usiku ule

WhatsApp ina utaratibu kwamba akaunti ambayo haijaunganishwa na mtandao kwa siku 120 kwa kawaida inafutwa. Basi. Shangazi alipofariki simu yake ilizimwa ikawekwa kabatini, hakuna mtu aliyeiwasha, siku zikahesabiwa, zilipotimia jina likafutwa kwenye daftari la mwenye nyumba, na jina likifutwa linatoka kwenye magrupu yote, na taarifa inayotokea ni ileile ambayo ingetoka kama mtu angejitoa mwenyewe kwa hasira. Hakuna mchawi, hakuna mwizi, na mjomba hakufanya kitu.

Mfano mkubwa wa hili ulionekana Kashmir. Serikali ya India ilikata intaneti kule mwezi wa nane 2019, na ilipofika mwezi wa kumi na mbili watu wenye ndugu zao kule wakaanza kuona majina yanatoka kwenye magrupu moja baada ya jingine, wazima kabisa wale, ila siku 120 zilikuwa zimetimia. Walioko nje wakashikwa na hofu kubwa, na hofu yao ilikuwa na haki kabisa maana simu za kawaida nazo zilikuwa na shida muda mrefu na hujui ndugu yako yuko hai au la.

Sasa hesabu hizo siku 120 kwa macho yetu. Kwa Waislamu mwanamke aliyefiwa na mume, kama si mjamzito, anakaa eda miezi minne na siku kumi. Miezi ya mwandamo minne ni siku kama 118, ongeza kumi, unapata 128 hivi. Maana yake mume akifariki leo na simu yake ikazimwa leo, akaunti yake inaweza kufutwa mjane bado yuko eda. Sijawahi kuacha kulifikiria hili tangu nilipolipigia hesabu. Watu wa kale walikaa wakapima, wakasema tatu ni za nini, arobaini ni ya nini, eda ni ya nini, mwaka ni wa nini, kila kipimo kina kazi yake kwa moyo wa aliyefiwa. Ile 120 ya simu imepimwa kwa ajili ya kutunza usalama na kutokubeba data za watu wasiotumia, ni sababu za maana, msinielewe vibaya, ila kwenye hicho kipimo aliyefiwa hayumo.

Kuna jambo moja la faraja na nataka lisomwe vizuri maana watu wengi wanalia bure hapa: akaunti ya marehemu kufutwa hakufuti ujumbe wake ulioko kwenye simu yako. Meseji, picha na voisi noti alizokutumia ziko chumbani kwako wewe, daftari lake halihusiki (isipokuwa kama mlikuwa mmewasha ile ya meseji kujifuta zenyewe). Na simu yake yeye, kama haijafomatiwa na programu haijaondolewa, vilivyokuwemo ndani vimebaki ndani. Kwa hiyo usifute mazungumzo kwa hasira eti "si kashaondoka".

Na hili la "marehemu yuko onlaini"? Hiyo ni habari ya laini. Namba za simu zina mwisho wake, kwa hiyo laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika kampuni inairudisha sokoni na inauzwa kwa mtu mwingine. Huyo mtu anasajili WhatsApp, na wewe kwenye simu yako bado umeisevu namba kwa jina la Baba, basi siku moja unaona Baba ana picha ya kijana amevaa jezi, Baba yuko onlaini, Baba ameweka stetasi. Najua mtu aliyempigia huyo kijana akamtukana. Kijana hana kosa hata kidogo, kanunua laini kwa wakala kama wengine. Cha kufanya ni kubadilisha jina kwenye simu yako, na kama namba ya marehemu ilikuwa imeunganishwa na benki au pesa za simu, hayo yashughulikiwe mapema kabla laini haijapata mwenyewe mwingine.

"Mtandao hausahau"

Huu msemo umetuharibia sana. Tunautumia kuwaonya watoto wasiposti ujinga, na kwa hilo ni sawa, maana kitu kikishasambaa hukiwezi tena, kila mtu ana nakala yake. Ila watu wameuchukua wakaugeuza kuwa dhamana, kwamba nikishaposti basi ipo milele, sina haja ya kuweka pengine. Hapana jamani.

MySpace kwa mfano, zamani kabla Facebook haijashika kasi ndo ulikuwa mtandao mkubwa wa wanamuziki. Mwaka 2019 wakakiri kwamba walipokuwa wanahamisha seva walipoteza picha, video na nyimbo ambazo watu walikuwa wamepandisha mpaka 2015, miaka kama kumi na miwili ya kazi za watu, na hakukuwa na bakapu. Watu walioamini kwamba mtandao hausahau walikuwa wameshafuta za kwao kwenye kompyuta za nyumbani. Google nao walitangaza 2023 kwamba akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua pepe na picha zake, na wakaanza kutekeleza mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo. Hapa ndo zilipotokea zile fowadi za "Google inafuta picha zote, sambaza kwa watu kumi". Haifuti picha zako wewe unayefungua Gmail kila siku. Ila ya marehemu baba yako ambayo hakuna mwenye pasiwodi yake, hiyo iko hatarini kwelikweli, na fowadi haikulisema hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza. Mwaka 1086 mfalme wao alitaka kujua nani ana ardhi gani, ng'ombe wangapi, vinu vingapi, ikaandikwa kwa wino kwenye ngozi, kinaitwa Domesday Book. Ilipofika 1986, miaka 900 baadaye, BBC wakafanya mradi wa kuandika upya maisha ya nchi nzima kwa njia ya kisasa, watu kama milioni moja wakashiriki, wengi watoto wa shule, wakaandika habari za mitaa yao na kupiga picha, vyote vikawekwa kwenye diski kubwa za leza. Miaka kumi na tano tu baadaye mashine za kuzisoma zile diski zilikuwa zimebaki za kutafuta kwa tochi, ikabidi wataalamu wafanye kazi kubwa ya kuyaokoa yaliyomo. Kile cha ngozi ya kondoo kipo London mpaka leo, ukijua Kilatini unakisoma.

Kwa nini? Kwa sababu kitu cha kidijitali hakijitoshelezi. Karatasi inataka jicho tu na mwanga. Faili linataka umeme, linataka chombo, linataka programu inayoijua fomati yake, linataka pasiwodi, na linataka kampuni iwe bado hai, kikikosekana kimoja hapo umekwama. Vint Cerf, mmoja wa watu waliobuni intaneti yenyewe, alisema waziwazi mwaka 2015 kwamba picha unazozijali kweli zichapishe kwenye karatasi. Huyo ndo fundi aliyejenga nyumba anakwambia chukua mwavuli.

Kwetu tumeshaliona. Nani anakumbuka memori kadi za MB 512 tulizokuwa tunawekea nyimbo na picha za harusi kwenye simu za batani? Ziko wapi? Memori kadi na flashi zinatunza data kwa chaji ndogo sana za umeme zilizonaswa ndani, ukiiacha droo miaka na miaka chaji inavuja kidogo kidogo. Wakati huohuo nenda Mji Mkongwe Zanzibar, Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, picha za watu wa miaka ile zinakutazama ukutani, hazijaomba apdeti hata siku moja.

Shida ya upande wa pili, simu inapokumbuka vibaya

Mpaka hapa nimeongelea kupotea. Kuna maumivu mengine ya kinyume chake, pale simu inapokuletea kitu ambacho hukukiomba.

Desemba 2014 Facebook walikuwa na kitu kinachokusanya mwaka wako na kukuonyesha kama zawadi. Kuna bwana Mmarekani anaitwa Eric Meyer, mtaalamu wa kutengeneza tovuti, mwaka huohuo alikuwa amempoteza binti yake wa miaka sita kwa saratani ya ubongo. Akafungua Facebook, akakutana na uso wa mwanae katikati, pembeni michoro ya watu wanacheza na maputo, na maneno ya kumwambia hivi ndivyo mwaka wako ulivyokuwa. Aliandika kuhusu hilo, bila matusi, akasema hakuna mtu aliyekaa akapanga kumuumiza, ni kwamba waliotengeneza walimfikiria mtu mwenye mwaka mzuri tu, mwingine hawakumfikiria. Kampuni ikamuomba radhi.

Inakuwaje kompyuta inafanya hivyo? Hapa kuna kitu kinaitwa algoriti, usiogope neno, ni mlolongo wa maelekezo kama ya mapishi, fanya hili, kisha hili, ukikuta hivi fanya vile. Yule mpishi alielekezwa atafute picha yenye laiki na komenti nyingi. Sasa fikiria mitandao yetu hapa, posti gani inapata komenti nyingi kuliko zote? Tanzia. Ukiposti umefiwa watu mia tatu wanakuandikia pole, Inna lillahi, Bwana ametoa. Kwa mashine inayohesabu, siku ya msiba wako ndo siku yako iliyofana kuliko zote. Inahesabu vizuri kabisa na haijui inahesabu nini.

Ndo maana ukifunga ndoa ikavunjika simu itakuletea picha za harusi kila mwaka tarehe ileile kama vile inakusherehekea. Siku hizi wameweka sehemu ya kuzuia, kwenye Facebook na kwenye Google Photos unaweza kuficha mtu fulani au tarehe fulani zisiletwe, ziko kwenye mipangilio ya kumbukumbu, watu wengi hawajui zipo. Inasaidia, ila angalia mzigo kaachiwa nani: aliyeumia ndo anatakiwa aingie kwenye mipangilio aandike jina la marehemu ili asiletewe. Bibi yangu hakuwahi kuhitaji mipangilio ili asimtajie mjane mume wake mezani, alimwangalia usoni tu.

Picha elfu kumi na nane

Uongo mwingine tunaojidanganya ni kwamba ukipiga kila kitu utakumbuka kila kitu. Mimi kwenye simu yangu nina picha zaidi ya elfu kumi na nane, nyingi ni skrini shoti, risiti, na salamu za Ijumaa njema. Kuna mtafiti Marekani anaitwa Linda Henkel aliwatembeza watu makumbusho, vitu vingine akawaambia wavipige picha na vingine waviangalie tu. Kesho yake akawauliza. Vile walivyopiga picha walivikumbuka kwa uchache kuliko walivyoviangalia. Kichwa kikishajua kamera imebeba, chenyewe kinaweka mzigo chini. Lakini walioambiwa wavute karibu sehemu moja ya kitu, hao kumbukumbu yao haikudhurika, maana ili uvute karibu lazima uangalie kwanza. Nadhani hapo kuna somo kwa wote tunaorekodi harusi nzima kwa simu juu ya vichwa vya watu.

Na mtu ukimpa picha elfu kumi na nane hujampa kumbukumbu, umempa gunia. Mtu akifa na gunia hilo watoto hawalifungui, wanaogopa, hawajui waanzie wapi.

Sasa fikiria lile sanduku la bibi. Waliokulia pwani mnalijua, la mbao ngumu, limepigwa misumari ya shaba, chini ya kitanda au pembeni. Ndani kuna kanga za doti ambazo hazijakatwa, karafuu kidogo, cheti cha ndoa, picha tano sita kwenye bahasha. Halifunguliwi hovyo. Linafunguliwa Idi, linafunguliwa mjukuu anapoolewa, na likifunguliwa harufu inatoka kwanza kabla ya kitu chochote, watu wanakusanyika, bibi anatoa picha moja anasema huyu ndo alikuwa babu yenu hapa Pangani, ilikuwa hivi na hivi. Picha tano, na kila moja ina mdomo wa kuielezea. Kinachokumbukwa pale ni kwa sababu ya kungoja, na kwa sababu bibi alichagua.

Kuna watu wa teknolojia wameliona hili. Mwaka 2001 Waswidi wawili, Lars Hallnäs na Johan Redström, walitoa hoja kwamba tusitengeneze teknolojia ya haraka tu, kuna teknolojia inayotakiwa iwe ya polepole, impe mtu nafasi ya kutafakari. Baadaye William Odom na wenzake wakatengeneza kitu kinaitwa Photobox. Ni sanduku la mbao, sanduku kweli, ndani yake kuna printa ndogo imefichwa. Kila mwezi linachagua lenyewe picha nne au tano kutoka kwenye hazina yako ya picha za zamani mtandaoni, linazichapisha kimya kimya, hakuna mlio, hakuna taarifa, hujui siku gani. Unafungua, unakuta au hukuti. Wakaliweka kwenye nyumba za watu kwa miezi kumi na minne. Mwanzoni watu walikereka, wanataka kuliharakisha na halina kitufe. Muda ulivyokwenda wakatulia, wakaanza kulisubiri, wakawa wanakaa na picha moja wanaongea. Nilipolisoma hili nilimkumbuka bibi moja kwa moja, maana wataalamu walizunguka wakaja kufika chini ya kitanda chake.

Kusahau nako kuna nafasi yake, tusikuogope. Stetasi inayofutika baada ya saa 24 imefanya watu waseme mambo ya leo bila kubeba mpaka kesho, na mimi naona ni ubunifu mzuri, unafanana na maongezi ya barazani ambayo hakuna anayeyaandika. Kosa linakuja pale kitu cha barazani kinapotunzwa miaka ishirini na akaunti ya mama inafutwa kwa miezi minne. Aliyetengeneza hakuuliza hiki ni cha aina gani.

Kuhusu hizi akili mnemba za kuifanya picha ya marehemu ipepese macho au iongee, zilizoanza kusambaa tangu 2021 kampuni ya MyHeritage walipotoa ya kwao, mimi nasema hivi: kile kinachocheka pale si babu yako, kompyuta imekopa mwendo wa uso wa mtu mwingine ikauvalisha picha ya babu. Kama mnaangalia wote mkijua hivyo, sawa. Ila usimwonyeshe mtu mzima aliyefiwa bila kumwambia, na usiisevu kwenye folda moja na picha halisi, maana wajukuu zako hawatajua ipi ni ipi.

Tulichofanya sisi

Baada ya ule usiku tulikaa kama familia. Simu ya shangazi tukaitoa kabatini tukaichaji, na hatukuipeleka kwa fundi yeyote, maana miaka ya nyuma fundi mmoja aliwahi kuifomati simu ya baba tukiwa tumesema atoe pasiwodi tu, na kila kilichokuwemo kikapotea. Tukatafuta lile folda la voisi noti. Kwenye Android majina ya mafaili ya WhatsApp yana tarehe ndani yake, picha zinaanza na IMG na sauti zinaanza na PTT kisha mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo hata ukihamishia simu mpya na simu ikachanganya tarehe zote, jina la faili linakwambia ukweli. Usiyabadilishe yale majina. Na picha nzuri ukitaka kumtumia ndugu, itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza ubora na tarehe ya kupigwa inaondoka nayo.

Tukaweka nakala sehemu tatu, kwenye diski moja Tanga, moja kwangu Dar, na moja kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo tunaifungua. Picha thelathini tukazichapisha, na nyuma tukaandika kwa kalamu nani yuko humo na wapi, kazi hiyo alifanya mjomba kwa sababu sisi wengine nusu ya sura zile hatuzijui, na mjomba ana miaka sabini na sita.

Halafu kila mmoja akashughulikia ya kwake angali hai. Google wana sehemu ya akaunti isiyotumika, ipo tangu 2013, unachagua nikikaa kimya miezi mitatu, sita, kumi na miwili au kumi na minane, watu fulani wapewe taarifa na wapewe vitu hivi na hivi. Facebook unateua mtu wa kusimamia ukurasa wako ukishafariki, hawezi kusoma meseji zako, anasimamia tu ukurasa, na jina lako linawekewa alama kwamba unakumbukwa ili watu wasiletewe taarifa ya kukutakia birthday njema. iPhone nazo zina kitu hicho, mtu wako anapewa funguo maalumu na baadaye analeta cheti cha kifo. Dakika kumi kila moja. Mdogo wangu hakutaka kufanya, akasema ni kujichimbia kaburi, tukamwacha, wiki iliyofuata akanitumia ujumbe kwamba kaniteua mimi.

Voisi noti za shangazi tulizipata arobaini na tatu. Mwaka ulipotimia tulikusanyika Tanga kwenye kisomo, baada ya chakula wageni walipoondoka mjomba akasema tusikilize. Tukachagua ya sekunde hamsini na mbili, anamwelekeza mdogo wangu mchuzi wa papa, kwamba tui la kwanza lisiingie mapema, na nyuma yake kuku wanalia na adhana ya alasiri inaanza, mpaka anasema ngoja kwanza, inakatika. Mdogo wangu akaomba irudiwe, tukairudia. Wakubwa kwa wadogo wakataka na nyingine, na nyingine. Mjomba akaichukua simu, akaizima, akasema zilizobaki mpaka mwakani.